Maneno Yaliyokuwa na Stara: Historia ya Misimu ya Mapenzi ya Jinsia Moja Unguja

Mwaka 1870 Padri Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Baada ya sarufi na msamiati mrefu, mwishoni aliweka mifano ya usemi ambao wenyeji waliutumia wasipotaka mgeni awaelewe. Wenyewe waliuita kinyume. Kanuni yake ni nyepesi: silabi ya mwisho ya neno hutolewa nyuma ikapelekwa mbele. Rafiki huwa kirafi, mgeni huwa nimge. Mtu akitaka kumwambia mwenziwe "kesho njoo nyumbani" mbele ya masikio asiyoyaamini, husema "shoke onjo ninyumba", na barazani hakuna anayeshtuka.

Naanza na kinyume kwa sababu siku hizi vijana wengi wa Unguja wanauliza juu ya maneno wanayokutana nayo kila siku katika simu zao. Watu wa upinde ni nani? Kuchu ni neno la wapi? Kwa nini bibi akimwita mwenziwe shoga watu wa bara wanacheka? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mambo haya yote yameletwa na Wazungu kwa njia ya intaneti. Jibu hilo ni jepesi mno. Mji huu ulikuwa na maneno yake kuhusu wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake tangu kabla ya simu, kabla ya redio, hata kabla ya Mwingereza kupandisha bendera yake hapa. Ulikuwa pia na adabu yake ya kuyatumia. Maneno mengi tunayo bado. Adabu ile ndiyo inayotuponyoka, na ndiyo iliyonifanya niiandike historia hii.

Maneno ya bandarini

Mji wa bandari hukusanya maneno kama unavyokusanya majahazi. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja kutoka Maskati katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, aliwafungulia njia pana Waomani, Wahadhrami, Wahindi, Wangazija na watu wa bara, na kila kundi lilikuja na namna yake ya kuitana.

Hanithi ni neno la Kiarabu. Asili yake ni moja na ya mukhannath, jina walilopewa wanaume wenye mwendo na sauti za kike ambao vitabu vya kale vya Kiarabu vinawataja Madina katika karne ya kwanza ya Uislamu, baadhi yao wakiwa waimbaji mashuhuri. Huko Oman neno liliendelea kuishi. Mwaka 1977 mwanaanthropolojia Unni Wikan wa Norway alichapisha makala yaliyozua mjadala mkubwa juu ya makhanithi wa mji wa Sohar. Aliwaeleza kuwa ni wanaume waliovaa mavazi yasiyokuwa ya kiume hasa wala ya kike hasa, wakaruhusiwa kukaa na wanawake wa watu, na majirani wakawajua bila kuwafukuza. Kati ya Sohar na Unguja ni safari ya msimu mmoja wa kaskazi, na kilichojulikana kule kilijulikana huku.

Basha limetokana na pasha, cheo cha wakubwa wa dola ya Kituruki. Wacheza karata wa pwani wanamjua basha kuwa ndiye mfalme katika pakiti. Katika lugha ya mitaani neno likamwendea mwanamume anayeshika nafasi ya mume katika mapenzi ya wanaume wawili. Msagaji linatokana na kusaga, na Kiarabu nacho kina neno kwa wanawake wapendanao lililojengwa juu ya kitendo hichohicho cha kusaga na kusugua. Kuna pia jike dume, kwa mwanamke mwenye nguvu na mwendo wa kiume, ambaye pengine hakuwa na lolote la mapenzi ndani yake.

Shoga ndilo lenye historia ndefu kuliko yote. Steere alilisikia Unguja likiwa neno la wanawake, la mwanamke kumwita rafiki yake wa karibu. Kufika mwaka 1939, kamusi kubwa iliyosimamiwa na Frederick Johnson ililitolea maana mbili pamoja: rafiki wa kike wa mwanamke, na mwanamume anayeishi kwa tabia za kike, aliyezoea kuandamana na wanawake. Maana ya pili ilikuwa na nguvu zaidi kaskazini, Mombasa, ambako Gill Shepherd alifanya utafiti katika miaka ya 1970 na kuwakuta mashoga na mabasha wakiwa watu wanaofahamika mitaani. Tukizitazama maana zile mbili, tunaona jinsi moja ilivyozaa nyingine. Mwanamume aliyekaa na wanawake, akasaidia arusi, akapamba bibi harusi na kujua siri za uani, alikuwa shoga wa wanawake kwa maana ya kwanza kabla hajawa shoga kwa maana ya pili. Neno lilianza kama jina la urafiki, na hata leo halijautupa urafiki huo.

Balozi na amri ya Mungu

Ushahidi wa zamani wa maandishi ambao watafiti hurudi kwake mara nyingi ni wa Oscar Baumann, mpelelezi kutoka Vienna aliyekuwa balozi mdogo wa Austria na Hungaria Unguja tangu 1896. Mwaka 1899, mwaka wa kufa kwake, jarida moja la Berlin lilichapa maelezo yake mafupi kuhusu watu wa namna hii katika mji wa Unguja. Baumann aliandika kwa jicho la mkoloni, mwenye dharau kwa aliowaandika. Hata hivyo alikuwa na sikio la kukamata maneno, na maneno aliyoyakamata ni ya watu wenyewe.

Alisikia mtu akiitwa mke-si-mume. Alisikia maneno ya wanawake kuhusu kusagana. Kubwa zaidi ni maelezo aliyopewa alipouliza kwa nini watu hawa wako hivi. Wenyeji walimtofautishia waliozaliwa hivyo na walioingia baadaye, na kuhusu waliozaliwa hivyo walimwambia ni amri ya Mungu.

Haifai kuyapokea maneno hayo kuwa ni fatwa ya kuhalalisha jambo. Waliomjibu walikuwa Waislamu wa mji wenye wanazuoni wakubwa, na waliijua hukumu ya sheria. Walichokisema kilikuwa kuhusu mtu, kwamba yuko mbele yetu, kaumbwa na Muumba wetu, na sisi hatukuulizwa. Hukumu ya kitendo iliachwa mahali pake, na jirani akaachwa mahali pake pia.

Baumann hakuridhika na jibu hilo. Yeye alikuwa na lake, kwamba Waarabu ndio walioleta mambo haya kwa Waafrika. Tuliweke akilini, maana tutalikuta tena likiwa limebadili nguo. Kila zama za kisiwa hiki zimekuwa na mgeni wa kubebeshwa. Mwaka 1899 alikuwa Mwarabu, leo ni Mzungu.

Kupasha bila kutaja

Ili kuelewa maneno haya yaliishije mjini, tuangalie namna Waunguja walivyozoea kuambiana mambo mazito. Mwanzoni mwa karne ya 20 kanga zilianza kuchapwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa za Kirumi. Mwanamke mwenye neno na jirani yake hakuwa na haja ya kumwendea mlangoni. Alinunua doti yenye ujumbe, akajitanda, akapita uchochoroni pole pole. Mwenye kulengwa alisoma akaelewa. Wengine walisoma wakaona nguo nzuri. Akiulizwa, mvaaji alikuwa na haki ya kusema kapenda rangi.

Taarab ilifanya hivyohivyo kwa sauti. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba karibu na 1880 na kurekodi sahani zake za kwanza Bombay mwaka 1928, aliimba mashauri ya mahakamani na dhuluma za wakubwa kwa mafumbo ambayo kila mtu wa Ng'ambo aliyafumbua. Baada yake vilikuja vikundi vya wanawake kama Nurul Uyun, Sahib el-Arry na Navy, vilivyoshindana kwa mipasho mpaka mji ukagawanyika kwa ushabiki. Mpasho mzuri haukuwa na jina la mtu. Mshabiki alinyanyuka kwenda kutunza pale mshororo ulipomgusa, na ukumbi mzima ukajua nani kapashwa bila mtu yeyote kutajwa.

Jamii iliyozoea usemi huu ilijua kuwaishia watu wasiofanana na wengine. Mwanamume mwenye mwendo wa kike alialikwa arusini, akacheza, akatia henna. Wanawake wawili wasioachana waliitwa mashoga, na aliyetaka kufikiria zaidi alifikiria moyoni mwake. Wenyewe huuita utaratibu huu stara, yaani kumfunika mtu aibu yake, au kile ambacho wengine wanakiona ni aibu. Mwenye stara hakuwa mtu asiyejua. Alijua, akachagua kutokusema.

Watu husahau kwamba stara ilikuwa na nguzo katika dini. Mafundisho ya Mtume kuhusu kumsitiri Muislamu mwenzio yanasomwa katika darsa za misikiti mpaka leo. Tena Surat an-Nur inamhukumu anayemsingizia mwanamke mtwaharifu zinaa bila kuleta mashahidi wanne kuchapwa bakora 80 na kutokubaliwa ushahidi wake tena, na wanazuoni wa Kishafii, madhehebu ya wengi hapa Unguja, waliihesabu shutuma ya liwati, yaani ya mwanamume kumwingilia mwanamume, kuwa ni kashfa ya aina hiyo. Mzee wa zamani aliyejizuia kumtaja mtu jina hakuwa amelegea katika dini yake. Alikuwa anaijua vizuri.

Kutoka nong'ono hadi sheria

Waingereza walikuja na lugha nyingine. Chini ya himaya yao iliyoanza rasmi 1890, kanuni za adhabu walizokwisha kuzitunga India zilivuka bahari. Kifungu cha 377 cha kanuni ya India ya mwaka 1860 kinazungumzia matendo dhidi ya utaratibu wa maumbile, na maneno ya namna hiyo yakaingia katika sheria za makoloni mengi. Kutoka huko tumepata usemi wa magazeti yetu, kinyume na maumbile, ambao leo hutumika hata kwa ukatili wanaofanyiwa watoto, kana kwamba mapenzi ya watu wazima wawili na ubakaji wa mtoto ni jambo moja. Mchanganyo huo umewadhuru watoto pia, kwa sababu unageuza macho yetu kwa mtu wa mbali wakati mtendaji mara nyingi ni mtu wa nyumbani.

Wakati huohuo, huko kwao Uingereza, wanaume waliotishwa na sheria kama hiyo walikuwa na kinyume chao. Lugha ya siri iitwayo Polari, iliyokusanywa kutoka kwa mabaharia, wacheza sarakasi na watu wa maigizo, iliwawezesha kuzungumza ndani ya basi bila kukamatwa. Redio ya BBC iliichezea katika kipindi cha vichekesho kati ya 1965 na 1968, mamilioni wakajifunza maneno yake, na mwaka 1967 sheria ya England na Wales ikalegezwa. Baada ya hapo Polari ilififia, kwani haja ya kujificha ilipungua.

Unguja ilielekea upande mwingine. Baada ya Mapinduzi ya 1964 mji ulibadilika watu na hofu zake. Familia nyingi ziliondoka, miongoni mwao familia ya Bulsara, Waparsi ambao mtoto wao Farrokh, aliyezaliwa hapa tarehe 5 Septemba 1946, baadaye alijulikana duniani kwa jina la Freddie Mercury. Waliobaki waliendelea na mafumbo yao. Mwaka 1995, karibu na uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, kisiwa kizima kilikumbwa na hofu ya Popobawa, jini lililosemwa kuwa linawaingilia watu usiku, wanaume kwa wanawake. Familia zililala nje zikikesha pamoja. Katrina Daly Thompson, mtafiti wa lugha aliyeishi na Waunguja, ameonesha kwamba visa vya Popobawa viliwapa watu nafasi ya kuzungumza jambo lisilozungumzika. Kwa kulisingizia jini, mtu aliweza kucheka, kutania na hata kuulizia habari za wanaume kwa wanaume bila kumtaja binadamu yeyote.

Mwaka 1998 mwanaanthropolojia Deborah Amory alichapisha makala kuhusu pwani ya Afrika Mashariki, na kichwani mwake aliweka maneno matatu kwa mpigo: mashoga, mabasha na magai. Neno la tatu lilikuwa geni, la Kiingereza lililovalishwa ngeli ya Kiswahili. Lilikuja na watalii, na ndugu waliorudi kutoka Ulaya, na sinema. Lilikuja pia na wazo tofauti. Shoga na basha ni nafasi mbili zinazotegemeana, kama za mke na mume. Magai ni kundi moja la watu wanaoitwa kwa wanayempenda. Vijana wa mjini walianza kujiona katika neno hilo.

Kisha sheria ikasema kwa sauti yake yenyewe. Aprili 2004 Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lilipitisha mabadiliko ya sheria ya adhabu, na Agosti mwaka huo Rais Amani Abeid Karume akatia saini. Kwa wanaume kifungo kiliweza kufika miaka 14. Wanawake, ambao sheria ya Mwingereza haikuwataja, walitajwa safari hii kwa jina: kifungo kisichozidi miaka mitano au faini isiyozidi shilingi 500,000. Septemba 2006, mkahawa mmoja wa ufukweni Mji Mkongwe ulipotaka kuadhimisha miaka 60 tangu kuzaliwa Freddie Mercury, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilipinga hadharani na sherehe ikafutwa. Mtoto wa Unguja aliyekufa miaka 15 kabla akageuka ishara ya jambo lililosemwa ni la wageni.

Katika miaka hiyohiyo hospitali nazo zilihitaji neno. Utafiti wa mwaka 2007 uliopima zaidi ya wanaume 500 wa Unguja wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao ulikuta karibu asilimia 12 wanaishi na virusi vya UKIMWI, wakati kiwango cha watu wote Zanzibar kilikuwa chini ya asilimia moja. Daktari hawezi kuandika hanithi katika faili la mgonjwa. Hivyo zikaja herufi MSM, kifupi cha Kiingereza cha wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, kavu, zisizo na tusi wala sifa. Kwa kuwa hazikuwa na tusi, waliohusika wakazitumia kuitana wao kwa wao.

Maneno yaingia simuni

Julai 2009 waya wa baharini wa SEACOM ulianza kutumika Dar es Salaam, na baada ya muda mfupi bei ya intaneti ikaanza kushuka. WhatsApp, Facebook na Instagram zikaingia mikononi mwa watu ambao hawajawahi kumiliki kompyuta. Maneno yaliyokuwa yakiishi mtaa mmoja, ukumbi mmoja, ua mmoja, yakakutana yote mahali pamoja kwa mara ya kwanza.

La kwanza kuumia lilikuwa shoga. Bara, maana ya kiume ilikuwa imekwisha kutawala, na ushoga likawa neno la magazeti na la Bunge kwa mapenzi yote ya jinsia moja. Jirani yangu mmoja, mtu mzima, aliandika chini ya picha ya mwenziwe katika Facebook: "Shoga angu, umenawiri!" Kabla ya alasiri vijana wasiomjua walikuwa wamejaza vicheko na matusi. Mjukuu wake alimwomba afute.

"Mie namwita shoga tangu tukicheza mdako," alijibu bibi yule. "Leo nimwite nani?"

Mjukuu mwenyewe, kama mabinti wengi wa rika lake, anasema shosti au besti. Shosti ni shoga aliyebadilishwa mkia ili apite salama. Wasichana wamelikata neno la bibi zao wakabaki na kichwa chake, na kwa njia hiyo urafiki umeokolewa.

Mengine yaliingia bila kutambuliwa asili yake. Msichana anayependa kujipamba na kujionesha huitwa slei kwini, naye hukubali kwa furaha. Neno slei katika maana hiyo limepata umaarufu kupitia kumbi za mashindano za Harlem, New York, ambako mashoga na watu waliobadili jinsia, wengi wao weusi na Walatini, tangu miaka ya 1970 walijigawa katika nyumba zilizoongozwa na mama walezi, wakashindana kwa mavazi na mwendo. Filamu ya Paris Is Burning ya 1990 iliutambulisha ulimwengu huo, na vipindi vya televisheni vikausambaza. Anayemtukana shoga asubuhi na kuandika "nimeslei" jioni anazungumza lugha ya aliowatukana.

Kumbi zile za Harlem zilikuwa na sanaa ya kumsuta mtu kwa maneno makali yenye ufundi. Mtu wa Unguja hakuhitaji kuiazima. Kuchamba, kupiga vijembe na kupasha ni vyetu, vimetoka uani na jukwaani, vikapanda Instagram bila kubadili hata jina. Habari za siri huko Marekani humwagwa kama chai. Huku kwetu humwagwa ubuyu, ule ubuyu mwekundu wa sukari na iliki unaouzwa Darajani na kupelekwa bara kama zawadi. Ukurasa wa umbea wa Dar es Salaam unaoahidi kumwaga ubuyu umebeba Unguja mdomoni. Katika kurasa hizo, mashoga wenye midomo myepesi wamekuwa miongoni mwa mafundi wa lugha, wakiendeleza kazi ileile waliyoifanya arusini.

Kuchu lilitoka Uganda, ambako wapenzi wa jinsia moja walilitumia kuitana kwa upendo na kwa siri. Lilivuka mipaka zaidi baada ya filamu ya Call Me Kuchu ya 2012, iliyomhusu mwanaharakati David Kato. Oktoba 2010 gazeti moja la Kampala lilichapa majina na picha za watu, yeye akiwemo, likitaka wanyongwe. Januari 2011 aliuawa nyumbani kwake. Anayelitumia neno kuchu leo Unguja anabeba kumbukumbu hiyo, ajue asijue.

Upinde

Upinde ndio msimu unaotumika zaidi sasa, kwa wanaopenda na wanaochukia. Bendera ya rangi za upinde wa mvua ilipeperushwa San Francisco mara ya kwanza tarehe 25 Juni 1978, ikiwa kazi ya msanii Gilbert Baker na wenzake. Mwaka 2016 ilipata kialama chake katika simu. Baada ya hapo Kiswahili kilifanya kilichozoea, kikachukua picha na kuigeuza fumbo: watu wa upinde, mambo ya upinde. Fumbo hili lina faida ya mafumbo yote, kwani lasema bila kusema.

Mwaka 2023 upinde ulijaa midomoni. Februari 13, Waziri wa Elimu Adolf Mkenda alipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid. Februari 24 Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua kuwa shirika la kutetea wapenzi wa jinsia moja lina haki ya kusajiliwa. Mei 26 Rais Museveni alitia saini sheria mpya kali Uganda. Kila tukio lilizaa wimbi la maandishi, na neno lililokuwa fumbo likageuka rungu. Mvulana mwenye sauti nyembamba aliitwa upinde. Hata rangi za mbinguni zilianza kutazamwa kwa shaka.

Hapa ndipo historia inaponiuma. Tulikwisha kuona rungu hilo likianguka. Septemba 2017 polisi wa Zanzibar waliwakamata watu 20, wanawake 12 na wanaume wanane, hotelini walikokuwa wakipata mafunzo kuhusu UKIMWI. Mwishoni mwa Oktoba 2018 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga kupitia mitandao ya kijamii na akawataka wananchi watume majina. Ujumbe ulimiminika kwa maelfu. Serikali ya Muungano ilitoa tamko kuwa huo ulikuwa msimamo wake binafsi, lakini siku chache baada ya wito ule wanaume 10 walikamatwa Pongwe, mashariki ya Unguja, kwa taarifa za raia.

Ujumbe kwa maelfu, uliotumwa kwa kidole gumba. Nani kati ya watumaji alikuwa na mashahidi wanne? Nani alijiuliza, kabla ya kubonyeza, kama anamtaja mtu kwa yakini au kwa chuki ya mkopo, ya kiwanja, ya mke aliyemkataa? Mababu zetu waliogopa bakora 80. Sisi hatuogopi, kwa sababu simu haimwoneshi aliyetukanwa akilia.

Tofauti kati ya kanga na simu iko hapo. Maneno ya kanga yalimfikia aliyelengwa, na yaliishia katika mtaa unaomjua mama yake, mwalimu wake wa chuo na wema aliowahi kuufanya. Akiumia sana, walikuwapo wazee wa kusuluhisha. Neno linaloandikwa leo linafika Mwanza, Maskati na Toronto kabla halijapoa, linasomwa na watu wasiojua mafumbo yake, na halina mzee wa kulirudisha. Lililokuwa na maana mbili linabakiwa na moja, nayo ni ile mbaya.

Siombi turudi katika mji wa zamani. Stara ile nayo ilikuwa na gharama, na wengi waliolindwa nayo walilipa kwa kuishi maisha nusu nusu, wakifa bila kuitwa hata mara moja kwa jina walilolitaka. Wala siandiki kumfundisha mtu dini yake. Naandika kwa sababu maneno hanithi, shoga, msagaji, mke-si-mume na upinde yana watu ndani yake, na watu hao ni wa hapa. Wamekuwapo katika kamusi za kisiwa hiki, arusi zake, taarab zake na mazishi yake. Anayesema wameletwa juzi na intaneti hajui historia ya mji wake, na asiyejua historia hiyo humtupa mtoto wa jirani akidhani anamfukuza mgeni.

Wazee waliomjibu Baumann waliijua sheria na walimjua Mungu, na hawakuona kuwa mambo mawili hayo yanawalazimisha kumtia mwenzao mikononi mwa umati. Vijana wetu wana maneno mengi kuliko waliyokuwa nayo wazee wale. Tuwape na adabu yake: neno linalomhusu mtu lisemwe kwa ujuzi au lisisemwe, na jina la mtu lisiandikwe mahali ambapo mwenyewe hawezi kulitetea.